Fundi wa Kuitikia

Katika ngoma zetu, sifa humwendea mwanzilishi, yule anayeutoa wimbo na kuubeba. Waitikiaji huonekana wafuasi tu. Tiba ya muziki kwa watoto wenye mahitaji maalumu huigeuza heshima hiyo. Humo mtoto ndiye mwanzilishi, hata kama alichokitoa ni ukelele au pigo moja la kiganja juu ya meza, na mwanamuziki aliyesomea kazi yake ndiye anayeitikia. Kwangu, hapo ndipo ilipo thamani ya ufundi huu: mtoto aliyezoea kuambiwa anyamaze hugeuka kuwa mwenye wimbo.

Mwaka 1959, mtunzi wa muziki Mmarekani, Paul Nordoff, na mwalimu Mwingereza, Clive Robbins, walianza kufanya kazi hii pamoja Sunfield, makao ya watoto wenye ulemavu huko Worcestershire, Uingereza. Njia yao ingali hai: mmoja hukaa kwenye piano, mwenzake kando ya mtoto, na muziki hutungwa papo hapo kutokana na anachokifanya mtoto. Tuseme mtoto anaipiga ngoma mbiombio, bila mpangilio. Mpiga piano hamrekebishi. Huushika mwendo ule ule na kuutafutia sauti zinazolingana na nguvu ya mikono ile. Mtoto akipunguza, naye hupunguza. Akisita, naye husita, na kuuacha muziki ukining'inia kabla ya kituo chake. Kimya hicho ni swali. Mtoto akipiga pigo la kuufunga, amejibu. Wamezungumza bila neno hata moja. Kuijua subira ya kimya hicho, kisiwe kifupi kikamnyima nafasi wala kirefu kikampoteza, ndiko kuuweza ufundi wenyewe.

Wapo wanaouliza kama tiba hii inaponya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9, haukuona kwamba ilipunguza ukali wa dalili zao za kijamii kuliko huduma walizopata wenzao wasiopewa tiba hiyo. Tuyapokee matokeo hayo bila kuyapindisha. Lakini mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165, yaliona kwamba huenda inaleta nafuu ya jumla na kuboresha maisha. Nami nasema usonji si homa ya kushushwa. Tukimpima mtoto kwa dalili zilizopungua tu, hatutaliona lile pigo la kuufunga wimbo, na kwa mtoto asiyesema, pigo lile ni kauli.

Wengine watasema mama yeyote huimba bembelezi, mtaalamu wa nini? Kweli, mbegu ya ufundi huu ni bembelezi: mlezi huimba akimtazama mtoto, akabadili sauti kadiri anavyotulia. Lakini yupo mtoto asiyeigeukia sauti ya mama, na mama huyo hahitaji kuambiwa aimbe zaidi. Anahitaji mtu wa kumwonyesha mlango mwingine. Wala gharama isitutishe kwa sababu ya piano. Kayamba na ngoma zipo mtaani. Kilicho adimu ni sikio lililofunzwa, na hilo ndilo shule zetu zinapaswa kuligharimia, ili mtoto akipiga pigo lake la kwanza amkute mtu aliyejiandaa kumwitikia.