Uzio Bila Kungwi: Mtoto wa Geti Kali katika Rosa Mistika na Kilio Chetu

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, mtoto anayelelewa ndani ya kuta, asiyetumwa dukani peke yake wala kuruhusiwa kucheza na wenzake mtaani, huitwa mtoto wa geti kali. Msemo huo unakumbusha kibao cha "mbwa mkali" kinachobandikwa malangoni, ila hapa ukali umehama kutoka kwa mbwa na kuingia katika geti lenyewe, na kwa mzazi aliye nyuma yake. Msemo una dhihaka, una wivu kidogo, na una utabiri ndani yake: huaminiwa kwamba mtoto wa namna hiyo, akishafika sekondari, ataharibika haraka kuliko wale waliozurura tangu utotoni. Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuushughulikia utabiri huo tangu mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipochapisha riwaya ya Rosa Mistika. Ikaurudia katika miaka ya 1990 kwa tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation na ambayo imedumu kwa muda mrefu katika orodha ya vitabu teule vya sekondari.

Usomaji uliozoeleka wa kazi hizi mbili ni mwepisi kukariri. Rosa aliponzwa na ukali wa baba yake. Suzi aliponzwa na ukimya wa mama yake. Basi mzazi na awe mkali kwa kiasi na mwepesi wa kusema. Usomaji huo si wa uongo, lakini unaupima uzio kwa urefu wake tu. Hauulizi ni nani aliyekuwa ndani ya uzio pamoja na mtoto, wala uzio ulipangiwa kuondolewa lini. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo mawili ndiyo yanayozifungua kazi hizi, na kwamba yakiulizwa, baadhi ya hukumu tulizozizoea juu ya wahusika, hasa juu ya Mama Suzi, haziwezi kusimama.

Kumfungia mtoto si jambo geni katika pwani hii. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1960 kijijini Bunju, ambayo leo ni kata ya Kinondoni, aliwakuta Wazaramo wakimtia ndani msichana aliyevunja ungo. Mwali alikaa ndani kwa muda mrefu, wakati mwingine kwa miezi mingi, haonekani na wanaume, akiwa na mwana hiti wake, hadi siku ya kutolewa. Kwa mtazamo wa nje, hilo nalo ni geti kali, tena kali kuliko la leo. Hata hivyo uzio ule ulikuwa na mambo mawili ambayo ya leo hayana. Kwanza, ulikuwa na mwisho unaojulikana: ngoma ikichezwa, mwali ametoka. Pili, ndani yake alikuwamo mtu mwenye kazi ya kusema. Somo au kungwi alimfundisha mwali kwa nyimbo na mafumbo, na chini ya mkole yalisemwa mambo ambayo mama mzazi asingeweza kuyatamka mbele ya mwanawe. Kaskazini zaidi, huko Pate na Siyu, Utendi wa Mwana Kupona wa katikati ya karne ya 19 ulitungwa na mama kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, ambaye kwa cheo na desturi alikuwa mtoto wa ndani. Hapo pia uzio unakuja pamoja na maneno.

Jambo hili lisigeuzwe kuwa sifa ya unyago. Mafunzo ya kungwi yalimwandaa mwali kwa mume, hayakumwandaa kwa darasa lenye wavulana arobaini na mwalimu wa kiume. Na shule ilipoingia, muda wa kukaa ndani ulikatwakatwa ili uingie katika likizo. Hapa unyago unatumika kama kipimo tu. Unaonyesha kwamba kufungiwa na kutofundishwa ni mambo mawili tofauti, ingawa uhakiki umeyazoea kama jambo moja.

Kwa kipimo hicho, nyumba ya Zakaria huko Namagondo, Ukerewe, inaonekana upya. Zakaria ni mlevi. Nidhamu yake juu ya binti zake haitokani na maisha yaliyopangika, inatokana na hofu na kiburi. Anapoikamata barua ambayo Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti yake kipigo ambacho msomaji hakisahau, na tangu hapo Rosa anajifunza kumkwepa kila mwanamume. Wahakiki hulitaja tukio hili kama ushahidi wa ukali. Ni zaidi ya hapo. Barua ni lugha, na ndiyo lugha ya kwanza ambayo mtu wa nje ya boma amemwelekezea Rosa kama mtu mwenye akili na uamuzi wake. Jibu lake lingekuwa zoezi lake la kwanza: akatae, akubali, acheke, aichane. Zoezi hilo linafanywa na Zakaria kwa niaba yake, kwa fimbo. Kinachobaki kwa Rosa ni amri isiyo na maelezo, na amri ya namna hiyo hudumu kwa kadiri mtoaji wake anavyoonekana.

Ndiyo maana sehemu ya Rosary ni kiini cha riwaya, na inastahili kusomwa polepole kuliko inavyosomwa kwa kawaida. Rosa anavuka ziwa na kuingia shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Mwanzoni haharibiki hata kidogo. Anaendelea kuishi Namagondo akiwa Mwanza: hofu aliyopandikizwa nyumbani inafanya kazi bila baba kuwapo, na wenzake wanamwona kama mtu asiyejua dunia. Bweni nalo ni uzio mwingine wenye kengele na zamu, hivyo mabadiliko ya mahali si mabadiliko ya malezi. Tofauti ni kwamba ndani ya uzio huu wa pili wamo wasichana wengine, nao wanazungumza. Kungwi ambaye Rosa hakupewa nyumbani anampata bwenini, naye ni kungwi wa rika lake, asiye na jukumu la kuona mwali anatoka salama. Rosa anapokutana na Deogratias, na baadaye anapoingia Chuo cha Ualimu Morogoro na kunaswa na mkuu wa chuo, Bwana Thomas, hana neno lake mwenyewe la kukubali wala la kukataa. Anayo hofu aliyopewa na baba na ujasiri aliopewa na wenzake, na vyote viwili ni vya kuazima.

Msimulizi wa Kezilahabi hapendi kukaa kimya. Huingilia kati, hutoa maoni, na lawama yake juu ya Zakaria inajulikana waziwazi. Lakini matukio ya riwaya yanasema zaidi ya maoni ya msimulizi. Kama tatizo lingekuwa ukali pekee, Rosa angepona alipotoka chini ya mkono wa baba. Na kama tatizo lingekuwa kukosa taarifa pekee, angepona Morogoro, maana alipofika huko taarifa zilikuwa zimezidi. Anajiua akiwa mtu mzima, mwalimu, baada ya Charles yule yule wa barua kumkataa kwa sababu si bikira. Aliyeandika barua ya kwanza na aliyeikamata wanakuja kukubaliana juu ya kipimo cha thamani ya Rosa, na katika makubaliano hayo Rosa hakuulizwa. Riwaya haina mahali pengine pa kumpeleka isipokuwa ahera. Baraza la kwanza ambamo kosa la mzazi na kosa la mwana yanawekwa mezani pamoja ni la hukumu ya Mungu, baada ya kifo. Wapo wanaoiona sura hiyo kama mkia uliobandikwa. Inafaa ionekane kama shitaka: duniani, kwa mpangilio uliokuwapo, baraza hilo halikuwezekana.

Historia ya kitabu chenyewe iliongeza kejeli ambayo hata Kezilahabi asingeitunga. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni. Riwaya inayohusu msichana wa sekondari aliyekamatiwa barua ikakamatwa kabla ya kuwafikia wasichana wa sekondari, na kwa sababu ile ile.

Kilio Chetu inatoka katika Dar es Salaam ya miaka ya 1990, wakati Ukimwi umeingia katika nyumba nyingi na ukimya umekuwa na bei. Tamthiliya inawaweka mizani wazazi wawili. Mama Suzi anaona haya na anaona dhambi kumweleza binti yake mambo ya mwili. Baba Anna anakaa na binti yake na kuzungumza naye waziwazi. Suzi anapata mimba, Joti anakufa, Anna anasalimika. Kama chombo cha kuelimisha, mpangilio huu umefanya kazi yake, na matumizi ya mtambaji na hadithi ya dudu linaloangamiza nchi yanaipa kazi uzito ambao bango la afya lisingeupata.

Ila mizani hiyo inamdhulumu Mama Suzi. Kwa desturi za watu wengi wa pwani, na za jamii nyingi za bara zilizohamia jijini, mama hakuwa msemaji wa mambo haya. Alikuwa mlinzi wa mlango. Msemaji alikuwa kungwi, bibi, au shangazi, na haya ya mama mbele ya binti yake ilikuwa sehemu ya mgawanyo wa kazi, haikuwa ujinga. Mama Suzi anatimiza nusu yake ya desturi kwa uaminifu, na anasubiri nusu ya pili itimizwe na mtu ambaye hayupo. Bibi amebaki kijijini. Shangazi yuko mkoa mwingine. Vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam havina mkole uani. Mama amebaki na uzio, akampoteza kungwi. Tamthiliya inamhukumu kama mama asiyetaka kusema, wakati msiba wake ni kwamba kabla yake hakuna mama aliyewahi kudaiwa aseme.

Baba Anna naye, akitazamwa upande huo, ni mhusika wa ajabu kuliko anavyochukuliwa. Baba kumweleza binti yake mambo ya mwili ni kuvunja mwiko mkubwa zaidi ya ule anaolaumiwa Mama Suzi kwa kutouvunja. Tamthiliya inampitisha kana kwamba ni baba wa kawaida mwenye busara. Haionyeshi alipojifunza kusema, wala haya aliyoimeza siku ya kwanza. Hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi kuliko Rosa Mistika: inaamini kwamba mazungumzo mazuri yanatosha, na kwamba mtu yeyote mwenye nia anaweza kuyaanza. Kezilahabi haamini hivyo, na katika jambo hili yeye ndiye aliyeona mbali zaidi.

Kwa msomaji wa leo wa Mbagala au Tandale, kuingia sekondari kuna uzio mwingine ambao kazi hizi zinaugusa kidogo mno. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Katika umri ule ule ambao mwili unabadilika na maswali yanazidi, mtoto ananyang'anywa lugha aliyokuwa akiulizia. Somo la Baiolojia litamtajia viungo vya uzazi kwa maneno ambayo hayajawahi kutamkwa nyumbani kwao kwa lugha yoyote. Linalobaki ni kipindi cha Kiswahili. Mwalimu wa fasihi, apende asipende, amekalia kigoda cha kungwi, na kitabu alicho nacho mkononi mara nyingi ni Kilio Chetu. Akikifundisha kama orodha ya dhamira za kukariri, "malezi mabaya" namba moja, "umuhimu wa elimu ya jinsia" namba mbili, atakuwa amewapa amri nyingine isiyo na maelezo.

Hali halisi imesogea pia kuliko msuko wa tamthiliya. Wakati Kilio Chetu inaandikwa, mimba ya Suzi ilikuwa mwisho wa masomo yake. Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Mwanafunzi anayeisoma tamthiliya hii leo anaweza kuketi dawati moja na Suzi aliyerudi, na maneno ya wahusika yanayoichukulia mimba kama kaburi yatasikika na mtu anayehusika nayo.

Kuhusu Joti, uhakiki umemwacha haraka mno. Huitwa mhuni, hutajwa kama chanzo cha maafa ya wasichana, kisha huzikwa. Lakini Joti ni mtoto wa shule kama Suzi, na jando halikumpitia kama unyago ulivyompita Suzi. Hakuna aliyemfungia, na hakuna aliyemfundisha. Mwenzake wa karibu katika fasihi ni Peter wa Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo, ambaye yeye na dada yake Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na jiji likawapokea kupitia jalala. Mbogo hakuhitaji geti kuonyesha mtoto anayekutana na dunia bila maneno. Katika kazi hizi tatu, watoto waliofungiwa na waliozurura wanafika mahali pamoja, na anayekosekana pale wanapofika ni yule yule.