Si Ulipoangukia, Ni Ulipojikwaa

Chukua mistari hii miwili ya Python:

bei = {"sukari": 3200, "unga": 1800,
jumla = hesabu(bei)

Kosa liko mwisho wa mstari wa kwanza: mabano yamefunguliwa, hayakufungwa. Lakini hadi toleo la 3.9, lililotoka Oktoba 2020, Python iliweka kishale chake chini ya alama ya = kwenye mstari wa pili na kusema "invalid syntax", basi. Mstari wa pili hauna kosa lolote. Anayejifunza angeukodolea macho, angeufuta na kuuandika upya, angebadilisha hata jina la jumla, na jibu lingebaki lile lile. Mwaka mmoja baadaye likaja toleo la 3.10, nalo likanyoosha kidole kwenye { ya mstari wa kwanza na kusema kwamba haikufungwa. Wahenga walituambia tusitazame tulipoangukia, tutazame tulipojikwaa. Kati ya matoleo hayo mawili, kichanganuzi cha Python, yaani sehemu inayosoma msimbo na kuupima kwa sarufi, kilifundishwa hekima hiyo hiyo, na haikuwa kazi nyepesi.

Kwanza tukitendee haki kile cha zamani. Ndani ya mabano Python haihesabu mwisho wa mstari, kwa hiyo kwa kichanganuzi mistari ile miwili ilikuwa sentensi moja ndefu. Baada ya mkato unaofuata 1800 kilingoja kitu kingine cha kamusi. Kikakuta jina, jumla, ambalo linafaa kabisa kuwa ufunguo. Baada ya ufunguo kikangoja nukta mbili, kikakuta =. Hapo ndipo kilipokwama, na hapo ndipo kilipoonyesha. Hakikudanganya, kilieleza msiba wake chenyewe badala ya msiba wa mwandishi.

Kichanganuzi hicho kilitokana na pgen, programu aliyoiandika Guido van Rossum lugha ilipokuwa changa. Kilikuwa cha aina ya LL(1): kila hatua kiliamua njia kwa kutazama tokeni moja tu (kipande kidogo cha msimbo, kama jina au alama) iliyo mbele yake. Mwaka 2020 van Rossum, Pablo Galindo na Lysandros Nikolaou waliwasilisha pendekezo la PEP 617, la kukiondoa na kuweka kingine kinachofuata sarufi ya aina ya PEG, ambayo Bryan Ford aliieleza kitaalamu mwaka 2004. Kikaingia katika toleo la 3.9, na katika 3.10 kile cha zamani kikaondolewa kabisa.

Inafaa kusisitiza kwamba ujumbe wa makosa haukuwa sababu kuu ya mabadiliko hayo. Shida ilikuwa sarufi yenyewe. Tokeni moja ya mbele haitoshi kueleza Python yote, kwa hiyo sarufi ya zamani ililegezwa ikakubali hata maandishi yasiyo halali, kisha hatua ya baadaye ikayachuja kwa mkono. Zaidi ya hayo, kwa upande wa makosa PEG ina hasara ya kuzaliwa nayo. Kichanganuzi cha LL(1) kikishindwa, kimeshindwa kweli, na papo hapo kinajua kilikuwa kinangoja nini. Kichanganuzi cha PEG hushindwa maelfu ya mara hata katika programu safi: hujaribu njia ya kwanza, ikikataa kinarudi nyuma, hujaribu ya pili, na kuendelea hivyo. Kushindwa ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Njia zote zinapokwisha na kanuni kuu ikakataa, kinabaki na habari moja tu, kwamba haikuwezekana. Ni wapi? Hakijui. Watengenezaji wakaamua kwamba, kisipojua zaidi, kionyeshe tokeni ya mbali kuliko zote kilizowahi kuzifikia. Ni makisio, ingawa ni makisio mazuri, kwa kuwa sarufi ya Python ilizaliwa katika malezi ya LL(1) na bado inaenda kwa mwendo huo.

Kama wangeishia hapo, 3.10 ingekuwa sawa na 3.9. Walichokuza ni sarufi ya makosa. Ndani ya faili ile ile inayoeleza Python halali, waliandika kanuni zinazoeleza Python batili: if isiyo na nukta mbili, try isiyo na except wala finally, alama moja ya = mahali palipotakiwa mbili. Majina ya kanuni hizo huanza na invalid_, na kila moja hubeba ujumbe wake. Mwandishi anapokosea kwa namna inayojulikana, kosa lake linatambuliwa kama lilivyo, si kama ukosefu wa usahihi tu.

Ujanja wenyewe uko kwenye wakati wa kuzitumia. Kichanganuzi hupitia programu mara ya kwanza kanuni hizo zikiwa zimezimwa. Programu ikiwa safi, kazi imekwisha na hakuna aliyechelewa. Ikishindikana, kinarudi mwanzo wa faili, kinafuta kumbukumbu ya majaribio, kinaziwasha kanuni za makosa na kupita tena juu ya tokeni ambazo tayari kinazo. Gharama ya maelezo mazuri inalipwa na programu yenye kosa peke yake, na mwenye programu hiyo hana haraka. Anasubiri kuambiwa amekosea wapi. Uamuzi huu nauona bora kuliko yote katika kazi hii.

Lakini mzunguko wa pili unaanzia juu kabisa ya faili, ukipita kwenye mistari mingi isiyo na hatia huku kanuni za mashtaka zikiwa macho. Kanuni ikiwa pana kupita kiasi, itaushtaki mstari wa 10 ilhali kosa liko mstari wa 200, na shauri litafungwa hapo hapo, kwa sababu kosa la kwanza kutamkwa ndilo linalotolewa. Kanuni ya makosa inatakiwa ijue kosa na ijue pia maandishi yote halali yanayofanana nalo.

Tazama jinsi ilivyowabidi kujizuia katika ujumbe mmoja tu, ule unaouliza kama labda umesahau mkato. Mtu ameandika [mchele, unga sukari]. Wazo la msingi ni jepesi: semi mbili zikifuatana bila kitu katikati, huenda mkato umeanguka. Ila semi mbili hufuatana kwa sababu nyingine kibao. Basi kanuni ikawekewa mipaka. Isiseme kitu nje ya mabano, kwa kuwa huko mkato kwa kawaida siyo tiba. Isiseme kitu jina linapofuatwa na maandishi yaliyo ndani ya nukuu, maana hapo mara nyingi mtu amekosea herufi inayotangulia nukuu, kama f au r. Maneno kama match na case yaachwe, kwa sababu huweza kuonekana kama majina ya kawaida. Pia anayeandika print kwa mtindo wa Python 2, bila mabano, aelekezwe kwenye ujumbe wake maalumu. Hata usemi wa pili husomwa kanuni za makosa zikiwa zimezimwa kwa muda, ili shtaka moja lisizae mashtaka mengine ndani yake. Baada ya yote hayo, ujumbe unaanza kwa kukiri kuwa sintaksia si sahihi, halafu ndipo unauliza, na unauliza kwa "labda". Ushauri wa uongo unaotolewa kwa sauti ya uhakika humpoteza mtu saa nzima.

Nukta mbili nazo zina kisa chao. Sarufi iliongezewa alama ya && yenye maana ya kulazimisha: tokeni inayofuata isipokuwepo, usirudi nyuma, toa kosa papo hapo. Kwenye def inakaa vizuri. Baada ya jina, mabano na vigezo, hakuna kingine kinachoweza kufuata ila nukta mbili au mshale wa aina ya jibu. Kwenye if ingeharibu mambo. Aliyeandika if x = 3: angeambiwa nukta mbili inatakiwa, naye angeitazama nukta mbili yake pale mwisho wa mstari na kuona mashine imerukwa na akili. Kwa hiyo kwa if waliandika kanuni ya makosa inayodai mstari uishe mara tu baada ya sharti, ndipo ilalamikie nukta mbili. Mwenye = moja anapata swali lake mwenyewe, kama alikusudia == au :=.

Turudi kwenye { yetu, ambayo siri yake haiko katika sarufi hata kidogo. Chini ya kichanganuzi kuna kikataji kinachoukata msimbo kuwa tokeni, nacho huweka rundo la mabano yaliyofunguliwa pamoja na namba ya mstari wa kila moja. Kuanzia 3.8 rundo hilo lilitumika kugundua mabano yanayofungwa kwa jozi isiyo yake. Katika 3.10, kosa likipatikana, kikataji huagizwa kiendelee hadi mwisho wa faili. Kikifika mwisho kikiwa bado na mabano mkononi, na mstari wa kosa ukiwa chini ya mstari yalipofunguliwa, lawama inahamishiwa kwenye mabano. Katika mfano wetu kuna kanuni ya makosa iliyokuwa tayari kulalamika kwamba ufunguo jumla hauna nukta mbili. Inanyamazishwa: neno la kikataji lina uzito zaidi kuliko lake. Wazo la kuyataja mabano yasiyofungwa, Python ililichota kwa ndugu yake PyPy, kiendeshaji kingine cha lugha hiyo hiyo.

Katika toleo hilo hilo la 3.10 kishale kimoja kikageuka kuwa mstari unaopigwa chini ya kipande chote chenye kosa. Jambo dogo, lakini kwa mwanafunzi wa Mbeya au Bukavu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, mstari ule unasomeka kabla ya maneno yaliyo chini yake.

Kilichobaki nje ya uwezo wa kanuni ni kosa la herufi. Hakuna anayeweza kuandika kanuni kwa kila namna mtu anavyoweza kukosea kuandika while. Toleo la 3.14, la Oktoba 2025, limekwenda njia tofauti. Sarufi ikishachoka na kutoa ujumbe wa jumla, msimbo wa Python yenyewe, ule unaopanga maelezo ya makosa, huchukua neno lenye mashaka, hutafuta maneno maalumu ya lugha yanayofanana nalo, huweka mojawapo badala yake na kujaribu kuchanganua upya. Likikubalika, whille inajibiwa kwa kuuliza kama ulikusudia while. Lisipokubalika, mashine inanyamaza na kubaki na ujumbe ule wa jumla. Na bado hutaja kosa moja tu kwa kila jaribio, hata faili iwe na kumi.