Simu Nne za Harold Leventhal

Mwaka 1950 wimbo "Goodnight Irene" wa kundi la The Weavers ulikaa wiki 13 kileleni mwa chati za Marekani. Miaka mitatu baadaye kundi lilikuwa limevunjika: wanamuziki wake walishutumiwa kuwa Wakomunisti, redio zikawasusa, kumbi zikawafutia maonyesho.

Meneja wao, Harold Leventhal, aliijua biashara ya muziki tangu alipokuwa akizunguka kuzinadi nyimbo za Irving Berlin kwa viongozi wa bendi. Mwaka 1955 aliwapigia simu wote wanne, mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba alimwambia kila mmoja kuwa wenzake wameshakubali kurudi. Wakarudi kweli, na mkesha wa Krismasi wakaimba Carnegie Hall mbele ya ukumbi uliofurika.

Tazama hesabu yake. Redio huishi kwa matangazo, na mtangazaji wa bidhaa huogopa jina lenye doa. Ukumbi wa kukodi huishi kwa tiketi. Leventhal aliukwepa mlango uliofungwa akawaendea wasikilizaji wenyewe. Kwangu mimi, huo ndio utayarishaji wa filamu kabla hajaigusa filamu: kuwakusanya watu wasiokusanyika, kisha kutafuta mahali ambapo kazi yao haiwezi kuzuiwa.

Filamu yenyewe ilitokana na ulezi. Mwimbaji na mtunzi wa nyimbo Woody Guthrie alipolemewa na ugonjwa wa Huntington, ulianzishwa mfuko wa watoto wake mwaka 1956, Leventhal akiwa miongoni mwa wadhamini. Kwa hiyo *Bound for Glory*, filamu ya maisha ya Guthrie iliyotoka mwaka 1976, ilipotengenezwa, naye akiitayarisha pamoja na Robert Blumofe, hakuja kama mgeni anayebisha hodi kuomba nyimbo na maisha ya marehemu. Alikuwa amevitunza kwa karibu miaka 20. Filamu ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya muziki. Humo ndimo Steadicam, kifaa cha kuituliza kamera inayobebwa, ilimotumika kwa mara ya kwanza katika filamu ya sinema: mpigapicha anashuka na winchi, anakanyaga ardhi, anamfuata Guthrie katikati ya kambi ya wahamaji bila picha kukatika.

Novemba 1980 wale wanne wa The Weavers walikutana tena Carnegie Hall, mmoja wao, Lee Hays, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Safari hii kamera zilikuwepo. Hays alifariki Agosti 1981. Filamu ya kukutana huko ilitoka mwaka uliofuata.