Heko kwa Mafundi wa Wino wa Uholanzi

Wachoraji wa wino wa Uholanzi wanastahili pongezi kwa vile vitoto vinene vyenye mabawa walivyovichora kwa kalamu ya unyoya. Wengi huvipita wakidhani ni mapambo tu. La hasha! Kila kimoja kina kazi yake: chenye upinde ni mapenzi, chenye mwenge ulioinamishwa ni kifo.

Hendrick Goltzius wa Haarlem aliungua mkono wa kulia utotoni ukabaki na kilema, lakini mkono huohuo ulichora mistari inayonenepa na kukonda hadi shavu la mtoto likaonekana kuvimba kweli. Chapa ya mwaka 1594 inayohusishwa naye inaonyesha kitoto kikiegemea fuvu la kichwa, kikipuliza mapovu ya sabuni. Uhai ni povu, na anayelipuliza hajui. Sijaona onyo la mauti lenye huruma kuliko hilo.

Baadaye Jacob de Wit (1695–1754) wa Amsterdam alivipa vitoto hivi alama za misimu ya mwaka: maua, ngano, zabibu, na moto wa kuota wakati wa baridi.

Msomaji, ukikutana na michoro hii, tazama kwanza vitoto vimeshika nini.