Nyumba Inapokua na Ukaguzi Ukabaki Palepale: Wayaringi za Makazi Kiruruma

Mfumo wa umeme wa nyumba ya kuishi nchini Tanzania hukaguliwa kwa uzito mara moja tu, yaani wakati nyumba hiyo inapoombewa umeme. Mita ikishawashwa, chumba kinachoongezwa, jiko linalohamishiwa ndani au fremu ya duka inayojengwa upande wa barabara huingizwa umeme bila mtu kuitazama kazi hiyo isipokuwa fundi aliyeifanya. Katika Kata ya Kiruruma wilayani Karagwe, na katika vijiji vya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nyumba nyingi hukua kidogo kidogo, chumba kwa chumba, kadiri kahawa inavyouzwa. Kwa hiyo sehemu ya nyumba ambayo haikuwahi kupimwa huweza kuizidi ile iliyopimwa. Hatari inayochambuliwa hapa haitokani na ukosefu wa sheria, bali na kitu ambacho ukaguzi umefungamanishwa nacho.

Umeme wa Karagwe na Kyerwa una historia ya pekee, kwa kuwa kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitegemea umeme unaotoka Masaka nchini Uganda na kupita Mutukula hadi kituo cha kupozea umeme cha Kyaka kwa msongo wa kilovolti 132, ambako hupunguzwa hadi kilovolti 33 na kusambazwa wilayani. Kuufikisha umeme huo vitongojini ni kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Mteja wa kijijini hulipa shilingi 27,000 kuunganishwa, ilhali kuanzia Januari 2022 mteja wa mjini wa njia moja, asiyehitaji nguzo, amelipa shilingi 320,960. Ruzuku hiyo, hata hivyo, huishia kwenye mita: nyaya, soketi, swichi na ujira wa fundi hubaki mzigo wa mwenye nyumba, naye hujibu kwa kutandaza nyaya katika vyumba viwili au vitatu vya mwanzo, akiviacha vingine vingoje msimu ujao. Nafuu ya kuunganishwa imeongeza idadi ya nyumba zenye umeme, na papo hapo imeongeza idadi ya nyumba zinazoanza na wayaringi ndogo itakayorefushwa baadaye.

Kisheria, kazi ya kufunga mifumo ya umeme ni shughuli yenye leseni chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na leseni hizo hutolewa kwa madaraja na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kila daraja likiwa na mipaka yake ya kazi. Cheti cha ufundi na leseni ni vitu viwili tofauti: cheti, kama kile cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huthibitisha kwamba mtu amejifunza kazi, ilhali leseni humruhusu kuifanya kwa wateja na kuwajibika kwayo. Mtu mwenye cheti bila leseni anaweza kuwa fundi hodari, lakini saini yake haina nguvu mbele ya TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Utaratibu wenyewe huenda hivi: fundi mwenye leseni hutandaza nyaya, huchora mchoro wa mfumo na kuuthibitisha, mwenye nyumba huomba kuunganishwa, siku hizi kwa njia ya simu kupitia mfumo wa NIKONEKT, afisa wa TANESCO hufika kupima umbali kutoka kwenye nguzo na kuiangalia kazi, mteja hupewa namba ya malipo, hulipa, kisha hufungiwa mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Nguvu ya utaratibu huu inatokana na jambo moja, nalo ni kwamba shirika lina kitu ambacho mwenye nyumba anakitaka na bado hajakipata. Fundi akiambiwa arekebishe, atarekebisha, kwa sababu bila hivyo mita haifungwi.

Kinachopaswa kuthibitishwa katika hatua hiyo ni vipimo vinne. Cha kwanza ni mwendelezo, yaani kuhakikisha kwamba kila waya, hasa waya wa ardhi ambao mafundi huuita asi, haujakatika popote kuanzia kwenye meni swichi hadi kwenye soketi ya mwisho. Cha pili ni ukinzani wa ganda la waya, ambao kwa mfumo wa volti 230 hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na kwa viwango vya sasa vya Uingereza, ambavyo ni nasaba ya ufundi huu Afrika Mashariki, haupaswi kushuka chini ya megaomu 1. Cha tatu ni mpangilio wa nyaya, ili swichi ikate waya wa moto na wala si ule mwingine. Cha nne ni ukinzani wa fimbo ya ardhi, ambao hubadilika kwa aina ya udongo na kwa majira, kwa kuwa udongo mkavu wa kiangazi au wenye mawe hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu.

Kwa nyumba ndogo ambazo wenyewe hawamudu wayaringi, miradi ya REA ilileta kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho ni ubao mmoja wenye kinga, swichi, soketi na sehemu ya taa, unaofungwa ukutani bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kiufundi, uamuzi huo uliuhamisha upimaji kutoka nyumbani hadi kiwandani, na kwa chumba kimoja au viwili ni suluhisho la busara. Udhaifu wake hujitokeza pale soketi ya ubao huo inapochomekwa ekstensheni inayopita juu ya dari hadi chumba cha pili, kwa maana hapo kifaa kilichopimwa hugeuka chanzo cha mfumo ambao haukupimwa.

Mfano wa hesabu unaonyesha kasoro inavyoanza. Nyumba ya vyumba vitatu imekaguliwa na kuwashwa, taa zake zikiwa kwenye waya wa milimita mraba 1.5 unaolindwa na saketi breka ya ampea 10. Baada ya mauzo ya kahawa, mwenye nyumba anaongeza chumba uani, na fundi, badala ya kuvuta waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye meni swichi, anaunga soketi kutoka kwenye taa iliyo karibu. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikitumika pamoja kwa volti 230 huvuta takribani ampea 13, kwa hiyo breka inakata mara kwa mara. Fundi anaitwa tena, anaondoa breka ya ampea 10 na kuweka ya ampea 20, na malalamiko yanakwisha. Kilichokwisha kwa kweli ni kinga: breka huwekwa ili kuulinda waya, na joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kiasi kwamba ampea 20 huzalisha joto mara nne ya lile la ampea 10 katika waya uleule uliofichwa ndani ya ukuta au juu ya dari.

Kasoro ya pili katika mfano huohuo haionekani kabisa, kwa sababu soketi iliyoungwa kwenye njia ya taa isiyo na asi hufanya kazi kama kawaida hadi siku waya wa moto utakapougusa mwili wa chuma wa pasi. Hata asi ikiwepo, fimbo ya ardhi yenye ukinzani wa omu 100 hupitisha ampea 2.3 tu chini ya volti 230, mkondo ambao breka ya ampea 20 haiuoni kuwa ni hitilafu, na chuma hubaki na umeme wa kuua. Kifaa kinachoweza kuuona ni swichi ya kinga dhidi ya mvujo wa umeme, ambayo hulinganisha mkondo unaoingia na unaorudi, na hukata tofauti inapofikia miliampea 30. Kwake ampea 2.3 ni zaidi ya mara 70 ya kiwango hicho.

Katika nchi za baridi, swali la nani aikague kazi inayoongezwa baadaye huulizwa kuhusu chumba cha chini ya ardhi, ambacho wenye nyumba hukigeuza kuwa sebule au chumba cha kulala. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mwenye nyumba anaweza kufanya kazi hiyo mwenyewe, ila sharti atoe taarifa kwa mamlaka ya usalama wa umeme, na mkaguzi aione kazi nyaya zikiwa bado wazi kabla ya ukuta kufunikwa, kisha airudie inapokamilika. Nchini Marekani, Kanuni ya Taifa ya Umeme, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, ilipanua katika toleo la 2020 sharti la kinga ya mvujo hadi kwenye soketi za vyumba vyote vya chini ya ardhi, hata vilivyokwisha kupambwa. Mantiki ya nchi hizo ni kwamba ukaguzi hufuata kazi inayofanywa, wala haufuati mita.

Kuunakili mfumo huo mzima Kiruruma si rahisi, kwa kuwa huko unategemezwa pia na kampuni za bima na soko la nyumba, ambavyo huuliza karatasi za ukaguzi. Hata hivyo, TANESCO inayo dalili yake yenyewe. Mteja mdogo wa kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na matumizi yakizidi huhamishiwa kundi la T1 lenye bei ya juu. Ununuzi wa LUKU kwa hiyo huonyesha nyumba ambayo mzigo wake umekua, na uhamisho wa kundi ungeweza kuwa sababu ya kumtuma mkaguzi, kama ombi la kwanza la umeme linavyokuwa.

Hadi hilo litakapofanyika, jukumu liko kwa mwenye nyumba. Anayeongeza chumba na adai leseni ya fundi kabla ya kutoa malipo ya awali, soketi mpya zipewe waya na breka yake kutoka kwenye meni swichi, swichi ya kinga dhidi ya mvujo ifungwe kabla ya urembo wowote, nyaya zipimwe ukuta ukiwa haujapigwa plasta, na breka inayokata mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi kabla ya waya inaoulinda kupimwa.