Altezza ya silinda sita na mlima wa Bugarama

Chini ya boneti kulikuwa na stika ndogo iliyofifia, maandishi yake ya Kijapani na tarakimu zimeandikwa kwa kalamu. Fundi wangu wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hasomi Kijapani, wala mimi sisomi, ila tarakimu zilisomeka vizuri: 104,000. Akainuka, akaingiza kichwa dirishani na kutazama mita. Mita ilisema 91,000.

"Bosi," akaniambia, "mkanda haufungwi kesho gari likauendea jana."

Stika hiyo hubandikwa na garaji za Japani zikibadilisha mkanda wa taimingi, ikiwa na tarehe na kilomita za siku ile. Anayerudisha mita nyuma mara nyingi hukumbuka kuosha injini na kung'arisha viti, akaisahau stika. Sikuliacha gari. Nilimwonyesha muuzaji zile tarakimu mbili, bei ikashuka, na kuanzia hapo tukaihesabu mita kuwa haipo. Tulichokiamini ni kile tulichoweza kukigusa.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza. Lilitoka Oktoba 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ambaye awali alishiriki katika kazi ya gari la Toyota AE86, likanyakua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998–1999. Ulaya liliuzwa kwa jina la Lexus IS200. Uzalishaji ulikoma 2005, kwa hiyo hata Altezza changa kuliko zote imekwisha kula miaka ishirini. Anayelinunua leo ananunua mzee, na inampasa ampime kama mzee: magoti kwanza, sura baadaye.

Kwa nini basi mtu mwenye watoto wawili alitake? Kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kila kona ya gari imening'inizwa kwa mikono miwili, ya juu na ya chini, usukani unakueleza lami ikoje, na bado kuna milango minne, viti vitano na buti la kubeba gunia la mchele. Jumatatu linapeleka watoto shule, Jumamosi linapanda kwenda Gitega. Sina uwezo wa kuweka magari mawili, na sitaki kuendesha kitu kisichonigusa moyo.

Ningeweza kuagiza. Gari linashuka Dar es Salaam, linapita Kahama na Ngara, linaingia kwa Kobero, kisha Muyinga, mpaka hapa. Lakini ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa gari dogo ni asilimia 25, na juu yake inakaa kodi ya thamani ya asilimia 18. Hizo mbili peke yake zinafanya kitu cha 100 kiwe 147.5, kabla ya tozo nyingine na kabla ya safari. Zaidi ya hesabu hiyo, gari lililoko Bujumbura naweza kulala chini yake. Picha haina sakafu ya kugongwa kwa bisibisi.

Sasa injini, maana hapa ndipo wapenzi wa Altezza wanapogombana. Ziko mbili. RS200, ambayo namba yake ya chasisi huanza na SXE10, ina 3S-GE ya silinda nne: farasi 210 katika mizunguko 7,600 kwa dakika, kwa yenye gia za mkono. AS200, yaani GXE10, ina 1G-FE ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja: farasi 160. Kila kijana anataka RS. Matokeo yake nembo za RS hubandikwa kwenye AS, na bei ikapanda kwa gundi. Usisome nembo ya nyuma, soma namba ya chasisi.

Mimi nilichagua sita, na sababu ya kwanza ni esansi. Kwa miaka kadhaa sasa tumezoea foleni za magari yaliyolala barabarani kusubiri pampu, na wengi wetu tumewahi kujaza kutoka bidoni ambalo hatujui limepita wapi. 3S-GE hiyo inakandamiza mchanganyiko kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, na ilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani. Ukiipa petroli hafifu, mchanganyiko unajiwasha kabla ya wakati na injini inagonga. Kompyuta ikisikia kugonga huko inachelewesha cheche ili kuilinda, na zile farasi ulizozilipia zinabaki kwenye karatasi. 1G-FE inakandamiza kwa 10 kwa 1. Haidai makubwa, na huku kwetu hilo ni sifa kubwa kuliko farasi hamsini.

Sababu ya pili ni barabara. Nguvu ya kuzungusha ya RS inafika kilele, niutoni-mita 216, katika mizunguko 6,400. Ya AS ni 200, lakini inaifikia katika 4,400. Nyuma ya lori lililojaa, kwenye kona za RN1, barabara inayopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, huna nafasi ya kupandisha injini hadi 6,400 na mtoto amelala nyuma. Unahitaji nguvu iliyo karibu na mguu. Silinda sita inavuta bila kelele, gia ya tatu inatosha kona mbili tatu mfululizo.

Ongeza na hewa. Bujumbura iko takribani mita 780 juu ya usawa wa bahari, Bugarama inapita 2,200, na kati yake ni mwendo usiofika kilomita 40. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Farasi 160 za kiwandani, zikifika kule juu kwenye ubaridi, zimebaki 125 hivi. Kwa hiyo anayepanga kununua chujio la kelele na bomba kubwa la moshi ili apate farasi tano, mlima utamnyang'anya hizo tano kabla hajafika nusu.

Pesa yetu ya kwanza haikwenda kwenye nguvu. Ilikwenda kwenye taa.

Burundi tunaendesha kulia, na magari yetu mengi yana usukani wa kulia kwa kuwa yametoka Japani, ambako wanaendesha kushoto. Tunaizungumzia sana habari ya usukani, ya taa hatuigusi. Mwanga mdogo wa gari la Japani umekatwa kwa makusudi: upande wa kulia, anakotoka mwenzako, uko chini, na upande wa kushoto unapanda ili umulike mtu atembeaye pembeni. Lilete gari hilo hapa na kila kitu kinageuka. Mwanga unaopanda unaingia machoni mwa anayekuja, na pembeni kulia, wanakotembea watu na baiskeli, kuna giza. Jioni moja tuliliegesha mita tano kutoka ukuta mweupe wa garaji na kuwasha. Mstari wa mwanga ulikuwa ngazi ya wazi kabisa, ikipanda kushoto. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikafikiria ni mara ngapi nimelaani dereva wa mbele kwamba ameniwashia kubwa, kumbe alikuwa na ndogo kama mimi.

Kushusha taa zote mbili kwa skrubu kunapunguza ukali, lakini kunakunyima barabara. Dawa yake ni taa za Lexus IS200 ya Ulaya bara, yenye usukani wa kushoto: mwili ni uleule, zinakaa palepale, mradi ulinganishe aina ya balbu na plagi. Tulizisubiri wiki nyingi. Usiku wa kuzifunga tulirudi kwenye ukuta uleule, na ngazi ikapanda kulia. Sijawahi kufurahia spea yoyote namna ile.

Miguuni, gari lilikuja na rimu za inchi 17 na tairi 215/45. Ni nzuri machoni. Ukuta wa tairi hilo ni milimita 97. Wa 205/55 kwenye rimu ya 16 ni milimita 113, na kipenyo chote kinatofautiana kwa chini ya sentimita moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. Hizo milimita 16 za mpira ndizo zinazopokea shimo badala ya rimu na mgongo wa mtoto. Tuliuza za 17. Boljointi za chini mbele tulibadilisha zote mbili bila kusubiri zilie, pamoja na bushi zilizopasuka. Springi fupi alizotuachia mwenye gari wa kwanza tulizitoa siku ileile. Gari lililoshushwa halina kazi na matuta yetu, wala na mchanga unaoachwa barabarani baada ya mvua za Aprili.

Kisha maji. Kwenye mita 2,200 maji matupu yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndani ya injini yanavumilia zaidi kwa sababu mfuniko wa rejeta unayashikilia kwa shinikizo, na mfuniko ukichoka, mlima unakuumbua. Ni kifaa kidogo, cha bei ndogo, na watu hubadilisha rejeta nzima kabla ya kukifikiria. Tuliweka mfuniko mpya, tamostati mpya, na kulanti badala ya maji ya bomba tuliyoyakuta yakiwa na rangi ya chai.

Kurudi chini ni kazi ya breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa: yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni, na mbele yako kuna vijana wanaoteremka na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli kwa kasi ya gari. Tuliyamwaga yote, na ninashuka kwa gia ya tatu, injini ikishikilia.

Kwa watoto, usukani wa kulia una jambo moja zuri ambalo sikulitegemea. Ukiegesha kulia, mlango wa nyuma ya dereva unafungukia ukingoni, si barabarani. Kiti cha mdogo tumekifunga hapo, na mlango wa kushoto tumeuwekea kufuli ya watoto.

Kupita lori ndiko kunakobaki kugumu, kwa sababu macho yangu yako upande usiofaa na mke wangu ndiye aonaye. Tumekubaliana maneno mawili tu. Akisema "bado," sigusi kitu, hata kama naona pengo. Jumamosi iliyopita, juu kidogo ya mji, tulikuwa nyuma ya lori na vijana watatu wa baiskeli wamelishika mkia. Akasema bado, bado, bado, kona nne nzima. Sindano ya joto ilikuwa katikati, gia ya tatu, wadogo wamelala. Tulipofika pale barabara inaponyooka akatazama tena, akasema, "Sasa."

Bado kuna bushi za nyuma na kompresa ya AC inayolia asubuhi. Za nyuma zitaanza.