Deraya ya Milimita Moja

Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, ndege ya kivita ya Kijapani Mitsubishi A6M2, ambayo dunia inaifahamu kwa jina la Zero, ilikuwa na mita 12. Ukiiunganisha kwa plastiki katika kipimo cha 1/72 unapata sentimita 16.7, kitu cha kukaa juu ya kiganja. Seti ya Tamiya haikosei hapo. Haikosei kwenye mviringo wa pua wala kwenye wembamba wa mkia, na vipande vyake vinaingiana vizuri hivi kwamba gundi inakuwa kama ya kutimiza adabu tu. Wanaoandika uhakiki wa modeli hupima mambo haya kwa bidii ya fundi cherehani: urefu, upana, pembe ya bawa, idadi ya ribiti. Kipimo ambacho sijaona kikipewa nafasi ni unene.

Plastiki ya seti kama hizi ina unene wa takriban milimita moja. Zidisha kwa 72. Ndege uliyoshika mkononi, kama ingekuzwa hadi ukubwa wake halisi pamoja na kila kitu chake, ingekuwa na ganda la milimita 72. Bati la mbele la mwili wa kifaru cha Kimarekani cha Sherman, kile cha mwanzo, lilikuwa na milimita 51. Bati la alumini lililofunika Zero yenyewe, katika sehemu nyingi, lilikuwa jembamba kuliko milimita moja. Kwa hiyo modeli iliyo sahihi katika kila mstari wa nje imevalishwa deraya nzito kuliko ya kifaru, na ndege inayoigizwa ni ile ambayo habari yake kuu ni kwamba haikuwa na deraya.

Hili si kosa la Tamiya. Plastiki haiwezi kuwa nyembamba mara 72 kuliko bati la ndege na bado ikashikika. Lakini uhakiki si kutafuta makosa peke yake, na hapa umbo linasema jambo moja huku mada ikisema kinyume chake.

Mwaka 1937 Jeshi la Wanamaji la Japani lilitoa masharti ambayo karibu yalikuwa yanapingana. Ndege iende mbali sana, ipande haraka, igeuke kwa wepesi, ibebe mizinga miwili ya milimita 20, na itue juu ya meli. Horikoshi Jiro, mhandisi wa Mitsubishi, alikuwa na injini ya nguvu za farasi zisizofika 1,000. Hakuwa na njia ya kuongeza, akabaki na njia ya kupunguza. Alitumia aloi mpya ya alumini iliyokuwa imara kwa uzito mdogo. Bawa zima alilifanya kitu kimoja na sehemu ya kati ya kiwiliwili, ili asibebe uzito wa maungio. Vyuma vya ndani vilitobolewa tundu, kimoja baada ya kingine, kila tundu likiondoa gramu chache. Na yapo mambo mawili ambayo hayakuwekwa kabisa: bamba la chuma la kumkinga rubani mgongoni, na matangi ya mafuta yenye utando wa kujiziba yakipigwa risasi.

Zero, basi, ilitengenezwa kwa kuondoa. Modeli yake hutengenezwa kwa kujaza: plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu la chuma hadi kila pembe ishibe. Muunganishaji anapochukua msasa na kukwangua masalio ya plastiki pembeni mwa kipande, ndipo kwa dakika chache anafanya kazi inayofanana kidogo na ya Horikoshi. Muda uliobaki anaongeza tu, gundi, rangi, stika.

Zipo habari za Zero ambazo hakuna seti inayoweza kuzibeba, na ninayoipenda kuliko zote ni ya ng'ombe. Kiwanda cha Mitsubishi pale Nagoya hakikuwa na uwanja wa ndege. Ndege ya kwanza ya majaribio, mojawapo ya mashine za kisasa kabisa za wakati wake, ilivunjwa vipande na kuvutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi uwanja wa Kagamigahara, kwa sababu barabara ilikuwa mbovu na mwendo wa haraka ungeidhuru. Iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Atakayetengeneza modeli ya mkokoteni ule, na ng'ombe wake, nitainunua kabla ya ndege.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege kutoka manowari za Kijapani za kubeba ndege zilishambulia Colombo, Zero zikiwa walinzi wa msafara, na siku nne baadaye zikashambulia Trincomalee. Waingereza walipoteza meli kadhaa, mojawapo ikiwa manowari ya kubeba ndege Hermes. Sehemu kubwa ya kundi lao la meli la Bahari ya Hindi ilirudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikageuka kituo chake.

Sasa rudi kwenye meza ya waunganishaji. Mjadala unaowachoma zaidi kuhusu Zero za mwanzo wa vita ni wa rangi. Je, zilikuwa za kijivu, au kijivu chenye ukijani, au chenye manjano kidogo kama karameli? Watu hubishana kwa miaka wakiwa na vipande vya mabaki mkononi. Siwacheki. Kwenye vishimo vya magurudumu kuna rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani, inayong'aa juu ya bati kama mafuta juu ya maji. Wajapani huiita aotake, na kuipata kwa brashi ni raha ya kweli. Lakini angalia mjadala huo unakaa wapi. Uko juu ya ngozi. Sanduku lenyewe linausaidia ukae huko: masanduku mengi ya Tamiya huonyesha ndege au kifaru juu ya weupe mtupu, bila anga, bila bahari, bila adui. Ni michoro mizuri sana. Pia ni njia nzuri sana ya kuonyesha silaha ambayo haijawahi kukutana na mtu.

Nani aliishikilia ribiti wakati mwenzake anaigonga? Zero zaidi ya 10,000 zilitengenezwa, na zile za Mitsubishi zilitokea Nagoya. Kadiri vita vilivyoendelea, viwanda vya ndege vya mji ule vilijaa watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wasichana wadogo walioletwa kutoka Korea mwaka 1944 wakiahidiwa masomo na mshahara. Mwezi Desemba mwaka huo tetemeko kubwa la ardhi liliangusha kiwanda, na baadhi yao walifia humo. Tarehe 29 Novemba 2018 Mahakama Kuu ya Juu ya Korea Kusini iliiamuru Mitsubishi Heavy Industries iwalipe fidia wanawake waliofanyishwa kazi katika kiwanda chake cha ndege cha Nagoya. Waliokuwa hai walikuwa vikongwe. Modeli ambayo vipande vyake vinaingiana bila jasho inatusahaulisha kwamba ndege halisi haikuingiana hivyo kwa yeyote.

Mtu wa kumlinganisha na Tamiya hapa ni Miyazaki Hayao. Filamu yake ya mwaka 2013, Kaze Tachinu, inamhusu Horikoshi, na ilianza kama katuni katika jarida la waunganishaji wa modeli, Model Graphix. Kiwanda cha familia yake kilitengeneza sehemu za ndege za vita ile, kwa hiyo haangalii kwa mbali. Wapo waliomlaumu, Korea na Japani kwenyewe, kwamba amempa mtengeneza silaha ndoto nyingi na hatia chache. Nadhani lawama hiyo ina uzito. Wale wasichana hawamo, na mkono unaogonga ribiti hauonekani karibu kabisa. Lakini kuna kitu kimoja filamu inakifanya ambacho plastiki haijakifanya: inawaweka watazamaji mbele ya uwanja wa mabaki, kisha inawaonyesha zile ndege zikipaa safi na nyeupe, nao wanajua kwamba hazikurudi. Miyazaki anaupenda uzuri ule waziwazi na hauachi usafike.

Je, seti ya plastiki inaweza kufanya lolote la namna hiyo? Inaweza, na nafasi ipo katika hatua zake za kwanza. Kazi ya modeli ya ndege kwa kawaida huanza na chumba cha rubani. Kiti cha Zero kilikuwa bati jembamba lililotobolewa tundu nyingi, na katika kipimo cha 1/72 kiti hicho kina urefu wa sentimita moja hivi, tundu zake zikionekana kama nukta za kalamu. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia unaona hoja yote ya Horikoshi mahali pamoja. Hapo ndipo mgongo wa kijana ulipokaa, na nyuma ya zile tundu hakuna kitu. Kisha maelekezo yanakuambia ufunge nusu mbili za kiwiliwili, ubandike kioo juu, na kiti kinatoweka.

Wengi hubandika kioo kikiwa kimefungwa, kwa kuwa mstari wa ndege unakuwa safi zaidi, na kwa macho wana haki. Mimi hukiacha wazi, kimesogezwa nyuma, na simweki rubani. Rangi ya kiti naipaka nyembamba sana, tone moja likigawanywa mara mbili, ili zile tundu zisizibe.